Marinda ya Damu ya Mzee

Kadzo alizaliwa akitanguliza miguu, na mama yake alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hajawahi kuingia mahali popote kwa namna aliyoelekezwa. Kwa hiyo waliomjua hawakushangazwa sana na yaliyotokea Januari ile shule zilipofunguliwa. Walishangaa tu kwamba yalifika mbali vile.

Habari ya sare mpya ilimfikia kwa simu wiki moja kabla ya Krismasi, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda cha wageni katika hoteli moja ya Diani, anavuta soksi iliyosahauliwa uvunguni. Ujumbe ulitoka kwa Mwalimu Fondo, mwalimu mkuu wa Shule ya Mikwajuni, nao ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kuanzia muhula wa kwanza, wanafunzi wote watavaa sare ya rangi ya damu ya mzee. Sare ya buluu haitapita langoni. Sare mpya zinapatikana katika duka moja tu la Ukunda, na jina la duka likafuata.

Kadzo aliusoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni, akamaliza kutandika kitanda huku akilivuta shuka mpaka likakaribia kuchanika. Marinda ya buluu ya binti zake wawili hayakuwa yametimiza miezi minne. Aliyanunua mwezi wa tisa, kwa sababu Sidi, mkubwa, wa miaka kumi na miwili, alikuwa amerefuka ghafla kama mpapai wakati wa mvua. Na mdogo wake Mapenzi, wa miaka sita, alikuwa amekalia gundi darasani, rinda lake likagandamana nyuma kama gamba la kobe. Haya mapya hayakuwa yamepauka hata kola. Kuyatupa kwa sababu mtu amechoka kutazama buluu, Kadzo aliona ni kufuru.

Mumewe Tsuma alimwambia wanunue tu, yaishe. Tsuma alikuwa soja wa usiku katika jumba moja la Galu, mtu mpole asiyependa maneno, lakini katika mambo ya shule kauli yake haikuwa na uzito nyumbani. Mwaka uliotangulia, Kadzo akiwa kazini, yeye ndiye aliyempeleka Mapenzi chekechea siku ya kwanza. Alimpeleka wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Wakakaa barazani baba na mwana hadi adhuhuri, wao na kuku wa mlinzi wa shule, kisha Tsuma akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mahudhurio ya mwaka huu ni mabaya sana. Safari hii alikuwa amepewa kazi ya viatu peke yake. Alipima nyayo za watoto kwa uzi, uzi wa Sidi na uzi wa Mapenzi, akazitia nyuzi zote mbili mfuko mmoja, na akarudi kutoka sokoni na jozi mbili za viatu vyeusi, zote za miguu ya Sidi.

Kadzo akaamua kutia rangi.

Jirani yao Bi Warda, fundi wa cherehani aliyewashonea watu wa Mwabungo tangu Kadzo hajaolewa, alikishika kitambaa cha rinda baina ya vidole viwili, akatikisa kichwa. Alimwambia kwamba kitambaa hiki si pamba, kimechanganywa, na kilichochanganywa hakinywi rangi. Huivaa juu juu tu kama mtu aliyejipaka poda. Kadzo alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kwamba yeye amefua mashuka ya wageni kwa miaka tisa. Ametoa divai, ametoa hina, ametoa mchuzi wa kamba. Hakuna kitambaa kitakachomshinda kwa kuingiza rangi ikiwa hakuna kilichomshinda kwa kuitoa.

"Haya mwanangu," Bi Warda alisema. "Mimi nimesema."

Jumamosi asubuhi Kadzo aliazima sufuria kubwa ya pilau ya kikundi cha akina mama, akaiinjika juu ya mafiga matatu uani, akachemsha maji ya kisima. Pakiti ya rangi ilisema atie vikombe viwili vya chumvi. Kadzo aliyaonja maji. Maji ya kisima chao yana chumvi ya kuzaliwa nayo, hata chai yake huhitaji sukari maradufu, kwa hiyo akaona kuongeza nyingine ni uharibifu. Akayatumbukiza marinda, akakoroga kwa mwiko, akaingia ndani kuswali adhuhuri.

Aliporudi alimkuta Mapenzi amesimama juu ya kigoda, mwiko mkononi, uso umejaa furaha ya mtu anayesaidia. Alikuwa amemsaidia mama. Alikuwa ametumbukiza soksi nyeupe za shule, jozi zote nne, taulo, na shati jeupe la kazi la baba yake. Shati lilitoka na rangi ya waridi, waridi hasa, ya kuvaliwa na bibi harusi. Tsuma hakuwa na jingine lililo kavu. Jioni ile alilivaa, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akaenda zake lindoni, na kesho yake aliporudi alisema kwamba mwenye jumba, mama mmoja wa Kijerumani, amemsifu na kumwuliza alikolinunua.

Lakini marinda yenyewe yalitoka sawasawa. Yalining'inia kwenye kamba yakiwa na rangi nzito ya damu ya mzee, na Kadzo aliyazunguka mara tatu kama mtu aliyejenga nyumba. Bi Warda alikuja, akasugua upindo kwa kidole gumba, akakitazama kidole.

"Mungu awaletee siku ya mawingu," alisema, akaenda zake.

Jumatatu haikuwa na mawingu. Ilikuwa Januari ile ya pwani inayoanza kuchoma saa moja unusu. Watoto walipita langoni bila shida. Mwalimu wa zamu aliyatazama marinda yao, akatabasamu, akawapungia waingie. Mapenzi alikuwa akiburuta viatu vilivyojazwa magazeti. Sidi alimshika mkono. Kisha likapigwa gwaride, na Mwalimu Fondo, ambaye alikuwa na mengi ya kusema juu ya unadhifu, aliyasema yote.

Yaliyofuata Kadzo aliyakusanya baadaye, kipande kwa huyu na kipande kwa yule. Watoto walisimama juani karibu saa nzima. Jasho likatoka. Rangi ikalegea. Michirizi myekundu ilianza kuteremka kwenye miguu ya Mapenzi ikaingia katika zile soksi, na mtoto mmoja wa gredi ya pili akapiga ukelele kwamba Mapenzi anavuja damu. Ustadhi Abdulwahab, mwalimu wa dini, aliyekuwa karibu naye, hakungoja kuuliza. Alimnyanyua mtoto, akamkumbatia kifuani kwenye kanzu yake nyeupe ya kufungulia muhula, akakimbia naye ofisini akisoma dua kwa sauti. Alipomweka mezani wakagundua kwamba mtoto hana hata mkwaruzo. Ustadhi mwenyewe ndiye aliyeonekana kama ametoka machinjioni.

Kufikia hapo gwaride lilikuwa limevunjwa na Sidi ameshaingia darasani. Alipoinuka kujibu swali, benchi la gredi ya sita lilikuwa na doa jekundu pale alipokuwa ameketi, na rinda lake kwa nyuma lilikuwa limelowa. Msichana wa miaka kumi na miwili, doa jekundu, wavulana ishirini. Haikuhitajika mtu kueleza zaidi, na waliocheka hawakutaka kuelezwa.

Mwalimu Fondo alipiga simu saa nne. Kadzo aliuliza kwa haraka kama watoto wanaumwa.

"Hawaumwi, Mama Sidi," alisema mwalimu mkuu. "Wanapaka shule rangi. Njoo uwachukue."

Hoteli ilikuwa imejaa, na vyumba sita vilikuwa bado vinamngoja. Msimamizi wake, Lewis, alimwambia amalize vyumba kwanza ndipo aende. Kadzo hakubishana naye. Alivua glavu, akaziweka juu ya meza ya Lewis pamoja na funguo, akamwambia kwamba atarudi kesho, na kama kesho hatakiwi wamwambie kesho. Alipanda tuk-tuk akiwa bado na sare yake ya kijani na aproni kiunoni.

Mwalimu Fondo hakuwa mtu mbaya. Kadzo mwenyewe alikiri hilo kila aliposimulia. Alikuwa mtu aliyenyoosha penseli mezani pake mpaka zikalingana, na mwaka uliopita, kwenye michezo ya shule, alimsikia mgeni akisema kwamba watoto wa Mikwajuni wanafanana na viraka vya shuka, kila mmoja na buluu yake. Neno hilo lilimkaa moyoni, na damu ya mzee ndiyo iliyokuwa dawa yake. Watu walisema lile duka la Ukunda ni la shemeji yake. Kadzo hakuwa na hakika, kwa hiyo hakulitia kinywani.

Alimwamkia, akaketi bila kukaribishwa. Mapenzi alikuwa kwenye kiti cha karani, miguu imefungwa magazeti, anakula biskuti ya karani.

"Nilisema sare inunuliwe," alisema Mwalimu Fondo.

"Ulisema iwe ya damu ya mzee. Nimeleta ya damu ya mzee."

"Hii inachuruzika, Mama Sidi."

"Damu huchuruzika, mwalimu."

Karani alishikwa na kikohozi, akatoka nje kukimalizia. Mwalimu Fondo hakucheka. Alimweleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba mabenchi mawili yameharibika, mashati ya watoto watatu yamechafuka, na kanzu ya Ustadhi ni ya kutupwa. Atawachukua watoto wake nyumbani, na watarudi siku watakapokuwa na sare inayostahili.

Kadzo alisema mabenchi atayasugua, mashati atayafua, na kanzu iletwe kwake jioni ileile. Lakini watoto hatawatoa.

"Basi watakaa nje ya darasa."

"Basi nitakaa nao."

Mwalimu mkuu alifungua mikono, kama kusema mahali ni pa serikali, akae atakapo. Na pengine alikusudia kwamba akae chini ya ubao wa matangazo mpaka achoke. Lakini Kadzo alimshika Mapenzi mkono akaenda naye moja kwa moja hadi gredi ya kwanza. Akatandika aproni yake juu ya benchi rangi isishike tena, akamkalisha mtoto, na yeye akaketi kando yake, magoti karibu na kidevu.

Mwalimu wa darasa alikuwa msichana mgeni, wiki yake ya kwanza ya kazi, na hakuna mahali chuoni alipofundishwa la kufanya na mwanafunzi wa miaka thelathini na minne. Akaendelea na somo. Walikuwa wanaandika herufi. Kila aliyeitwa alikwenda ubaoni, na zamu ilipofika kwenye benchi lao, Mapenzi akiwa amesita kuinuka kwa sababu ya viatu vilivyompwaya, mwalimu akamwita mama. Kadzo alikwenda. Akaandika herufi ya g kwa mkia ule aliofundishwa yeye zamani. Mtoto mmoja aliyekosa meno ya mbele aliinua mkono akasema kwamba mkia umeangalia nyuma. Akaitwa kusahihisha, akasahihisha, darasa zima likampigia makofi. Kadzo naye alipiga. Alikaa hadi saa saba. Akaimba wimbo wa kunawa mikono, akakunja mikono alipoambiwa akunje, na Mwalimu Fondo alipopita dirishani mara ya tatu, hakumtazama.

Aliondoka pale na moyo uliofura kwa ushindi. Hapo ndipo akamkumbuka Sidi.

Alimkuta nyuma ya jiko la shule, amejifunga leso ya mpishi kuanzia kifuani, rinda limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa pale tangu saa tatu. Walishika njia ya nyumbani watatu, Mapenzi akiimba, Sidi akiwa mbele hatua kumi, na Kadzo akieleza jinsi alivyomjibu mwalimu mkuu. Alilirudia lile neno la damu. Sidi akasimama.

"Mama, wewe ulikuwa unapigana na mwalimu," alisema bila kugeuka. "Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko na leso ya mtu."

Kadzo alizimaliza zile hatua kumi, akamfikia. Alikuwa na jibu la mwalimu mkuu, la Lewis, la Bi Warda. La huyu hakuwa nalo. Walitembea hadi karibu na msikiti ndipo akamwuliza Sidi anataka afanyiwe nini, kama anataka wakanunue sare kesho asubuhi, watanunua. Alisema hivyo kwa dhati, na liliuma kama jino.

Sidi alifikiri. Alisema hataki wanunue. Angalitaka wanunue jana, kabla hawajamcheka. Sasa wameshamcheka, na akirudi na rinda jipya la dukani itakuwa kama amewaomba radhi kwa kumcheka kwao. Atavaa rinda lake la buluu la mwaka juzi, kama Bi Warda atalirefusha upindo, na Mapenzi avae lile la gundi. Ataenda shule. Wakimwambia asimame nje atasimama nje. Nyumbani hatarudi.

"Lakini usije," alisema. "Nataka niende mwenyewe. Na siku nyingine uniulize kwanza."

Usiku ule Bi Warda aliongeza upindo kwa kipande cha buluu nyingine kabisa, na hakusema neno lolote juu ya kitambaa wala kidole gumba, jambo ambalo Kadzo alilihesabu kuwa deni la heshima. Yeye mwenyewe alikuwa uani na kanzu ya Ustadhi, ndimu ishirini na beseni. Kanzu ilikuwa pamba safi, na pamba, tofauti na marinda, ilikuwa imeinywa rangi kwa uroho. Aliisugua mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Aliianika kesho yake kwenye jua kali, akairudia tena jioni.

Jumanne alikwenda kazini. Lewis alimpa barua ya onyo, naye Kadzo akaitia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wa Lewis. Kila alipomaliza chumba aliitazama simu. Saa nne haikulia. Saa sita haikulia. Alitandika vitanda kumi na vinne siku ile, na kama angaliulizwa ametandika nini asingaliweza kusema.

Jioni Sidi alimhadithia. Walizuiwa langoni, yeye na Mapenzi. Akamkalisha mdogo wake kwenye jiwe, akafungua daftari, akaanza kufanya hesabu za kitabu akilifanya goti kuwa meza. Mwalimu wa zamu alimwambia aende nyumbani. Alimjibu kwamba nyumbani hakuna hesabu. Hakusema kwa jeuri, alisisitiza hilo, alisema shikamoo kwanza. Karibu na saa tano akaja msichana wa gredi ya tano, mwenye rinda la buluu, aliyekuwa amefichwa nyumbani tangu jana kwa kukosa jipya. Alitumwa dukani na mama yake, akawaona pale, akaenda kuleta daftari. Akaja na kakake.

Jumatano walikuwa kumi na mmoja. Asubuhi hiyo Kadzo alipita shuleni kabla ya kazi kurudisha kanzu. Alimkuta Ustadhi Abdulwahab nje ya lango, ameegemeza ubao mdogo kwenye ukuta, anawafundisha wale kumi na mmoja, na watoto watatu wa Kikristo miongoni mwao wakiandika kama wenzao. Alipomwona Kadzo alisema, kama mtu anayejieleza, kwamba ratiba yake ina nafasi asubuhi, na somo la tabia njema halina rangi. Kadzo alimpa kanzu iliyokunjwa ndani ya karatasi. Ilikuwa nyeupe yote isipokuwa kidoa kimoja karibu na upindo, kikubwa kama punje ya dengu.

"Kwa kanzu naomba radhi, Ustadhi," alisema. "Kwa mengine siombi."

Ustadhi alikitafuta kile kidoa, akakiona, akasema inatosha.

Alhamisi lango lilikuwa na watoto thelathini na saba. Wenye pikipiki walipunguza mwendo kutazama. Mwalimu Fondo alitoka mara mbili, akawahesabu kwa macho, akarudi ndani. Alikuwa amedhani, ndivyo alivyokiri baadaye, kwamba hao wote hawajarudi kutoka likizoni, wako kwa nyanya zao Kinango na Lunga Lunga. Kila Januari huwa hivyo. Hakuwa amejua kwamba wako umbali wa kuitwa, wamejificha vyumbani.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi uliopangwa zamani, kuhusu chakula cha mchana. Sare iliwekwa ajenda ya sita. Kadzo alisimama kabla ya ajenda ya kwanza, mara tu mwenyekiti alipomaliza kufungua kwa sala. Alikuwa amejiandalia maneno makali usiku kucha, ya haki na dhuluma, lakini aliposimama aliwaona wazazi wenzake, wengine wametoka shambani na majembe, na maneno yakamtoka tofauti.

"Nataka kuuliza tu," alisema. "Nani amemficha mtoto nyumbani wiki hii?"

Wanawake walitazama leso zao. Ilichukua muda mpaka mvuvi mmoja wa kule Mwabungo, Kavumbi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, alipoinua mkono nusu, kama anayejikuna. Alisema ana watatu. Amewaambia majirani kwamba wana tetekuwanga. Akainuka mwingine. Mama mmoja alisema wake wamepelekwa shamba kuchunga mbuzi. Mikono ikaendelea kuinuka nyuma mpaka Mwalimu Fondo, aliyekuwa ameshika kalamu tayari kuandika ajenda, akaiweka mezani, na safari hii hakuinyoosha.

Kisha akasema kwamba yeye alitaka shule ipendeze. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza Kadzo alimwonea huruma. Akaamua palepale: buluu itavaliwa mpaka ichakae, na anayenunua jipya atanunua la damu ya mzee, kwa fundi yeyote na duka lolote. Watoto wataingia Jumatatu. Ila Mama Sidi aandike barua ya kuomba radhi kwa kuvuruga masomo.

"Sitaandika," alisema Kadzo.

Mwalimu Fondo alimtazama, wazazi wakamtazama Mwalimu Fondo. Akageuza ukurasa, akaita ajenda ya chakula.

Ingependeza kusema kwamba alibebwa juu juu siku ile. Hakubebwa. Nje ya darasa mama mmoja alimsubiri, mama aliyeuza nazi kando ya barabara mwezi mzima wa Desemba ili anunue marinda mawili ya dukani. Alimwuliza kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko matusi: sisi tuliotii, sasa tumekuwa wajinga? Kadzo alisema hapana. Mama yule akangoja aongeze neno. Kisha akajitwika kikapu chake akaenda. Hadi leo wakikutana dukani husalimiana kwa kichwa tu.

Jumapili jioni Sidi alikuja barazani na karatasi. Gredi ya sita walikuwa wametakiwa kutengeneza kipimamvua cha chupa, mbao na rula, na kukileta Jumatano. Kadzo alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua ile karatasi. Alikuwa ameshaiona chupa, akajua ataikata wapi, na kwamba rula ya shule haifai, wangetumia utepe wa Bi Warda.

"Mama," alisema Sidi, akiishikilia karatasi. "Nimekuja kukuonyesha tu. Nitatengeneza mwenyewe."

Kadzo aliurudisha mkono. Alikaa juu ya kiganja chake kimoja, kisha juu ya vyote viwili, akamtazama binti yake akichora mstari uliopinda kwenye chupa, akaukata kwa kisu kisicho na makali, akaukosea. Kumkalia kimya mwalimu mkuu pale gredi ya kwanza hakukuwa kazi kama hii. Sidi alitupa chupa ile, akaenda kutafuta nyingine. Aliporudi alimkuta mama yake bado ameketi vilevile, hajagusa kitu, shingo imemkaza.

"Pumua, mama," alisema Sidi, akaanza upya.